Nguzo ya Chaneli ya Michezo

Mkiendesha gari kule Blaine au Coon Rapids, tazameni mapaa. Kwenye nyumba nyingi mtaona bamba la chuma lenye mkono uliopinda, mkono usioshika kitu. Dishi lilishaondoka siku nyingi. Bamba limebaki kwa sababu aliyelifunga alilifunga vizuri, na mwenye nyumba anaogopa kuling'oa paa lisije likavuja. Baadhi ya mabamba hayo niliyafunga mimi.

Nawaandikia nyinyi mnaoulizana kwenye sherehe zetu yule baba anayechechemea alikuwa akifanya kazi gani. Sijawa mzee, ni goti ndilo limezeeka kabla yangu. Nilikuwa fundi wa madishi ya satelaiti katika Miji Pacha ya Minnesota, miaka ile ya elfu mbili, kabla hamjaanza kutazama kila kitu kwenye simu. Nilikuja kusoma uhasibu, sikuumaliza, na kazi hii nilijifundisha kwa vitabu vya maktaba ya umma na kwa masimango ya Njoroge.

Njoroge alikuwa Mkenya, mtu wa Nyeri, mrefu, hana haraka. Alinitangulia kazini, na siku ya kwanza alisimama chini ya ngazi akanitazama nikikaza nati, kisha akasema: "Wewe Mbongo, unaongea Kiswahili kama mtu wa redio, lakini waya umeifunga kama kamba ya mbuzi." Nilifungua, nikafunga upya. Akasema, "Sasa hiyo ni ya ng'ombe. Endelea, tutafika."

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Satelaiti zimepangana angani juu ya ikweta, na dishi lazima litazame satelaiti yake bila kitu katikati. Nikiwa kijana Moshi nilikuwa nimesaidia kufunga madishi mawili matatu, na kule dishi linalala chali kama bakuli, maana ikweta ipo karibu na utosi. Minnesota ikweta iko mbali. Dishi linasimama wima kama mtu anayesubiri mgeni barabarani, likitazama kusini, juu kidogo tu ya nyumba ya jirani. Hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia: jirani ana paa, ana bomba la moshi, na ana miti.

Yako mambo mengine mtu hujifunza kwa kuaibika. Theluji ya unyevu hugandia kwenye uso wa dishi na picha inakufa. Wateja walikuwa wakiipiga kwa mpini wa ufagio, na dishi linasogea upana wa ukucha, nami naitwa kwenda kulirudisha. Niliwafundisha kupaka uso wa dishi mafuta ya kupikia kabla ya baridi kuanza, theluji iteleze. Mteja mmoja wa Kihabeshi akapaka samli. Theluji iliteleza sawasawa, lakini majira ya kuchipua ndege wote wa mtaa walihamia pale.

Wateja wetu walikuwa wageni kama sisi. Wahabeshi walitaka mahubiri, Waarabu walitaka habari na mpira, Wakorea walitaka tamthilia. Mtanzania ndiye aliyekuwa mteja mgumu kuliko wote. Alitaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka nyumbani, nami namweleza kwamba hakuna satelaiti inayoileta huku, naye ananiambia, "Basi kaka, jaribu kidogo tu." Kana kwamba ni suala la bidii.

Sasa niwaambie habari ya Halmoni.

Halmoni ni neno la Kikorea la bibi, mzaa baba au mzaa mama. Huyu alikuwa mama wa mteja wangu, Bwana Kang, mhandisi wa Eden Prairie. Alipofiwa na mumewe, mwanawe alimleta kutoka Seoul aje akae naye. Mnaijua Eden Prairie: nyumba nzuri, barabara pana, na asiyeendesha gari hana pa kwenda. Halmoni hakuendesha, hakujua Kiingereza, na alifika katikati ya baridi. Mwanawe na mkewe waliondoka asubuhi, wakarudi jioni. Mjukuu alikuwa mmoja, Suji, msichana wa sekondari, ambaye alielewa Kikorea chote alichoambiwa na kujibu kwa Kiingereza. Wazazi mnaonisoma mnajua ninachokisema. Binti yangu mwenyewe nilikuwa namwambia, "Njoo ule," naye ananijibu kwa Kiingereza, akiwa ameshafika mezani.

Bwana Kang aliagiza dishi mwezi wa Machi ili mama yake apate tamthilia. Nililifunga mwenyewe, pembeni mwa paa la gereji. Kusini kulikuwa na mti mkubwa wa jirani, umebaki matawi matupu, na kati ya matawi mawimbi yalipita bila shida. Kipimo changu cha mawimbi kililia vizuri, picha ikaja safi, nikafungasha vyombo. Kichwani nilijua kabisa kwamba miti ya huku huota majani. Nilikuwa nimeshaona. Lakini mikono yangu ilikuwa bado ya Moshi, ambako mti uliouona leo ndio utakaouona mwezi wa sita, na kazi hufanywa na mikono.

Katika kifurushi kile kulikuwa na chaneli ambayo hakuna aliyeiomba. Ilikuwa chaneli ya Kikorea inayoonyesha michezo ya video tu, asubuhi mpaka asubuhi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kifaa kimeharibika. Vijana wawili wenye sare kama za madereva wa magari ya mashindano wamefungiwa kila mmoja kwenye kibanda cha kioo, masikio yamezibwa, vidole vinakwenda kama vya mpiga chapa. Kwenye skrini majeshi madogo ya watu na ya wadudu yanajenga kambi, yanachimba madini, yanavamiana. Watangazaji watatu wa suti na tai wanapiga kelele kama nyumba inaungua. Na ukumbini watu wamejaa, mabango mikononi, wasichana wanalia.

Halmoni aliifikia kwa bahati, akibonyeza rimoti. Alisimama hapo kwa sababu ya kijana mmoja mwembamba aliyemwinamia mpinzani wake kwa adabu kabla ya kuingia kibandani. Suji ndiye aliyenieleza baadaye. Halmoni alisema, "Huyu mtoto hajala," akaketi kumtazama ajue kama watampa chakula. Hawakumpa. Akashinda. Kesho yake Halmoni akaketi tena.

Suji naye alikuwa akiucheza mchezo uleule kwenye kompyuta yake, chumba cha chini, mlango umefungwa. Siku moja akasikia sauti ya vita ikitoka sebuleni kwa bibi yake, akapanda ngazi. Toka hapo wakawa wanatazama pamoja. Halmoni aliuliza kwa nini wale wadudu wanakimbia, Suji akajaribu kueleza, Kiingereza kikamwishia njiani, akalazimika kuokota Kikorea. Na Kikorea alichokiokota kilikuwa cha watangazaji. Baba yake aliniambia huku akitikisa kichwa: "Jana mezani ameomba chumvi. Ameiomba kana kwamba chumvi inavamia ngome ya kaskazini."

Katikati ya Mei mti wa jirani ukavaa majani. Majani yana maji, na maji humeza mawimbi. Chaneli zenye nguvu zilibaki zikikwaruza. Ya michezo, ambayo mawimbi yake yalikuwa dhaifu kuliko zote, ilikufa kabisa.

Nilipoitwa, Bwana Kang alinipokea mlangoni. Kwenye ukumbi nyuma yake sanduku kubwa la safari lilisimama ukutani. Akasema, "Tamthilia zinaonekana kidogo. Hiyo ya michezo iache. Mama anarudi Seoul mwezi ujao, tiketi imeshakatwa. Hajazoea. Akishaondoka njoo ung'oe dishi lote."

Nikasema sawa. Nilipokuwa naweka ngazi garini, Suji akanifuata barabarani akiwa na soksi tu.

"Fundi, huwezi kuirudisha?"

"Baba yako amesema niiache."

"Bibi alikuwa ameanza kusema labda atabaki." Alikuwa anasema Kiingereza, upesi. "Alimwambia shangazi kwa simu, labda nikae mpaka majira ya baridi. Halafu chaneli ikakatika, na sasa anakaa chumbani kwake. Jana amesema nyumba hii imenyamaza tena. Fainali ni Jumamosi. Yule mwembamba amefika fainali. Nikishatazama naye fainali nitamwomba abaki. Sijui kumwomba vinginevyo."

Jioni nilimpigia Njoroge simu, nikamweleza habari ya mti.

"Hii mti uliiona Machi?"

"Niliuona."

"Uliiona ama uliiangalia tu?"

Nikaanza kumtajia majani, akanikatiza.

"Wee, Mbongo. Huku ukifunga dishi wakati wa baridi, lazima uvalishe kila mti nguo kwa akili yako. Unasimama hapo, unajiuliza, Julai hii itakuwa aje? Sasa toka kwa paa. Shuka chini. Beba dishi kwa mikono utembee nayo kwa nyasi mpaka upate mwanya. Kila ploti iko na mwanya. Hata yenye miti iko nao, ni vile watu hawatembei."

Nikampigia Bwana Kang, nikamwambia kosa la mti ni langu, nitaweka nguzo ya muda bustanini. Alisita, kisha akasema, "Mpaka Juni tu. Na usinichimbie bustani."

Hapa kuna jambo la ufundi mnapaswa kulijua ili muelewe mwisho. Waya wa dishi unaopita ardhini una kina cha aina mbili. Kwa mpangaji, au mtu atakayehama, unapasua nyasi kwa koleo, unausukumiza waya ndani, unakanyaga, basi. Kwa mtu atakayekaa, unapiga simu kwanza waje waweke vibendera pale yalipopita mabomba ya gesi na nyaya za umeme, unachimba mtaro kufika kwenye kiwiko, unaweka bomba la plastiki, waya unapita ndani yake. Njoroge alikuwa na swali moja tu kabla ya kushika koleo: "Huyu anakaa ama anaenda?"

Kwa nguzo niliomba vibendera, maana ilihitaji shimo. Kwa waya, nilijua jibu. Anaenda.

Jumamosi ile nilianzia Coon Rapids, kwa muuguzi mmoja wa Kikorea aliyekuwa na king'amuzi kinachojizima. Mnapaswa kufahamu kwamba fainali ilichezwa jioni ya Seoul, ambayo kwetu ilikuwa alfajiri, na marudio yalikuwa mchana. Katika nyumba za wapenzi wa chaneli ile kulikuwa na desturi: mpaka marudio yaishe, simu kutoka Korea haipokelewi, na mtu aliyeamka alfajiri kutazama halazimiki kukaa kimya ila anatakiwa kukaa mbali. Muuguzi yule alikuwa ameamka alfajiri. Hakukaa mbali. Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni yake akaniambia: "Mwembamba ameshindwa. Pambano la mwisho. Nimelia mpaka mume wangu akaniuliza nani amekufa."

Niliendesha kutoka Coon Rapids mpaka Eden Prairie na habari hiyo kama mtu aliyebeba mayai mapajani.

Halmoni alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo ya kwenda kanisani. Akanitazama usoni kwa muda, nami nikajifanya nakagua spana. Aliniita Kisa, ambalo kwao ni jina la heshima la fundi. Suji akasema, "Usimwambie chochote hata kama umesikia. Hajui. Nimeficha simu yake ya mkononi tangu jana."

"Mimi najua nini kuhusu michezo?" nikajibu.

Nikafanya kama alivyosema Njoroge. Nililikumbatia dishi kifuani, kipimo kikining'inia shingoni, nikaanza kutembea kwenye nyasi hatua kwa hatua. Halmoni alisimama dirishani akitazama televisheni kwa jicho moja na mimi kwa jingine. Hiyo nayo ni kazi, na mtu wa dirishani akiwa mzembe utatembea mpaka jioni. Yeye hakuwa mzembe. Kiganja kikifumba, hakuna kitu. Kikifunguka nusu, picha inakatakata. Majirani walitoka kutazama Mwafrika anayecheza dansi na sahani. Pembeni kabisa, upande wa mashariki, karibu na uzio, kipimo kikalia, na dirishani viganja vyote viwili vikapanda juu.

"Hapo! Hapo! Usipumue!" Suji akapiga kelele.

Nikachimba shimo pale, nikasimamisha nguzo, nikaipima kwa pimamaji pande zote, nikamimina saruji ya kukauka upesi. Waya nikaupitisha chini ya nyasi, kina cha mtu anayeenda. Nilipoingia ndani kujaribu picha, marudio yalikuwa yanaanza, na Halmoni akapiga kochi kwa kiganja: keti. Nikavua viatu, nikaketi.

Sijawahi kuona watu wakitazama kitu namna ile. Halmoni alimsema vibaya mpinzani, akamsihi mwembamba anywe maji. Suji akamfafanulia kila uvamizi kwa sauti ya mtangazaji, mikono ikiruka. Wakashinda pambano moja, wakapoteza jingine, na ikafika la mwisho. Bwana Kang alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, anajifanya anapita.

Mwembamba alikuwa mbele. Jeshi lake lilikuwa kubwa zaidi, watangazaji walikuwa wanaimba jina lake, hakuna mtu ukumbini aliyeona hatari yoyote. Na hapo, kabla chochote hakijatokea, Halmoni akachukua mto wa kochi akafunika uso. Wakati uleule mkono wa Suji ulikuwa umeshafika mgongoni kwa bibi yake. Na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa natazama soksi zangu.

Kisha ndipo shambulio lilipokuja, kutoka nyuma ya kambi, na kumaliza kila kitu.

Halmoni akashusha mto. Akamtazama Suji, na mkono wake. Akanitazama mimi, na soksi zangu. Akasema neno.

"Anasema," Suji alianza, akakwama, akawa mwekundu, "anasema, hata fundi?"

Dada yake Halmoni alikuwa amempigia simu ya mezani asubuhi, wakati Suji yuko bafuni. Suji alikuwa amesoma matokeo kwenye kompyuta kabla ya kupiga mswaki. Mimi nilikuwa na muuguzi wangu. Wote watatu tulikuwa tumekaa tukimlinda mwenzetu dhidi ya jambo ambalo kila mmoja alilijua. Halmoni alianza kucheka kwanza, cheko la chinichini linalotikisa mabega, Suji akafuata, na Bwana Kang mlangoni akawa anauliza kwa Kikorea kuna nini, kuna nini, akiwa yeye pekee ndani ya nyumba ambaye kweli alikuwa hajui nani ameshinda.

Suji akamgeukia bibi yake akasema maneno marefu, polepole, Kikorea, wala si kwa sauti ya mtangazaji. Sikuelewa hata moja. Halmoni alimpangusa nywele usoni, akaenda jikoni, akanifungia chakula kwenye boksi. Nilipotoka, sanduku lilikuwa bado limesimama ukutani.

Juni ikapita. Sikupigiwa simu kwenda kung'oa dishi, nami sikuuliza. Katika kazi hii unaingia nyumbani kwa watu, unaona masanduku yao, na unajizuia kuuliza.

Mwezi wa nane Bwana Kang akapiga. "Picha imekatika kabisa. Chaneli zote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikadhani Halmoni ameshaondoka, na kwamba Suji anatazama peke yake. Nilikwenda bila haraka.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilisimama. Nyasi za upande wa mashariki hazikuwepo. Pale palipokuwa na bustani ya Bwana Kang, ile niliyokatazwa kuichimba, palikuwa na matuta yaliyonyooka, na kwenye matuta miche ya kabichi zile ndefu za Kikorea, midogo bado, imemwagiliwa. Nguzo yangu ilikuwa katikati yake, imefungwa kitambaa chekundu cha kufukuza ndege. Na kando ya nguzo alisimama Halmoni, kofia pana kichwani, jembe dogo mkononi, anatazama chini kama mtoto aliyevunja glasi.

Alikuwa ameukata waya. Ulikuwa juujuu mno. Jembe liliupitia kama uzi.

"Kisa," akasema, akanionyesha vipande viwili.

Suji alitoka mbio jikoni, mikono ina sabuni. "Nilimwambia waya uko hapo! Hasikii!" Akamgeukia bibi yake, akamgombeza kwa Kikorea, upesi, kwa hasira ya kweli, na Halmoni akamjibu kwa hasira ileile, wakaendelea hivyo juu ya miche, wakipeana zamu.

Nilichuchumaa nikaupima udongo kwa kidole. Nikamuuliza Suji zile kabichi huvunwa lini.

"Kabla ya barafu. Halafu anazitia chumvi na pilipili, zinakaa kwenye mitungi. Tunakula baridi yote, mpaka Aprili."

Nikarudi garini, nikapiga simu waje waweke vibendera upande ule wote. Kisha nikaandika kwenye kiganja changu, nisije nikasahau, niliteremshe bomba la plastiki kutoka stoo, lile refu.